Mamluki wa Chicago

Kuna mchezo mmoja niliucheza kwa jina la mtu mwingine. Ilikuwa fainali ya ndondo, Temeke, zawadi mbuzi. Beki wa kulia wa timu ya mtaa wa pili alikuwa ameteguka kifundo, na mimi nilikuwa namba mbili wa timu ya mtaa wetu, iliyokwisha kutolewa mapema. Wakanifuata usiku nyumbani, wakanipa jezi imefungwa kwenye mfuko wa rambo, wakaniambia, "Kesho wewe unaitwa Juma, usisahau." Ahadi ilikuwa nauli na elfu kumi. Tukashinda. Mbuzi akachinjwa usiku uleule, nikala vipande viwili, nikarudi nyumbani kwa miguu. Elfu kumi hiyo naidai mpaka leo.

Mtu wa namna yangu siku ile sote tunajua anaitwaje: mamluki. Ni neno zito, limetoka vitani, lakini mchangani tunalitumia huku tunacheka. Mamluki hana mtaa. Akifunga, mashabiki wanashangilia jina ambalo si lake. Akikosea, hapana anayemfahamu mama yake, kwa hiyo matusi yanatolewa bila breki.

Nimelikumbuka neno hilo kwa sababu ya mtu ambaye hajawahi kulisikia. Anaitwa Sean Payton, ni kocha wa mpira wa Kimarekani, na mwaka 1987 alikuwa mamluki katika timu iliyojaa mamluki.

Mwaka ule, tarehe 22 Septemba, wachezaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, waligoma. Dai kubwa lilikuwa haki ya mchezaji kuhama klabu mkataba wake ukiisha. Wamiliki wakafuta raundi moja ya michezo, halafu wakafanya jambo ambalo kiongozi yeyote wa ndondo angelielewa mara moja: wakaenda kutafuta watu wa kuvaa jezi. Walimu, wafanyakazi wa baa, walinzi, vijana waliotemwa kwenye majaribio. Raundi tatu zikachezwa hivyo. Chicago Bears, timu iliyokuwa bingwa wa Marekani mwanzoni mwa mwaka 1986, ikaingiza kikosi ambacho watu wa mji walikibatiza Spare Bears, yaani Bears wa akiba, kama tairi la akiba.

Payton alikuwa mmoja wa makwotabeki wa kikosi hicho. Kwotabeki ndiye anayesimama nyuma ya mstari wa mapambano, anapewa mpira, na ndani ya sekunde tatu anaamua uende wapi kabla hajaangukiwa na jitu la kilo mia na ishirini. Alikuwa na miaka 23. Chuo cha Eastern Illinois alikuwa ameacha rekodi kubwa, zaidi ya yadi 10,000 za pasi, lakini hakuna klabu iliyomchagua siku vilabu vya NFL vilipogawana vijana wa vyuoni. Kansas City Chiefs walimjaribu, wakamrudisha. Na Chicago, kwa bahati mbaya, tayari walikuwa na Payton wao: Walter Payton, mmoja wa wakimbiaji bora kuwahi kuvaa jezi ile, aliyekuwa kwenye msimu wake wa mwisho na kwenye mgomo pamoja na wenzake. Hawana undugu wowote. Fikiria unaenda uwanjani kumuona Payton, unaambiwa Payton yupo, unamkuta huyu.

Takwimu zake zote za NFL kama mchezaji zinaenea kwenye mstari mmoja: pasi 23 alizorusha, 8 zilifika, yadi 79, moja ikadakwa na wapinzani. Hana tachidauni, yaani bao kubwa la mchezo huo, hata moja. Wagomaji wakarudi kazini, mamluki wakakusanya mabegi.

Mchezo wa mwisho wa Spare Bears ulikuwa dhidi ya New Orleans Saints, nao wakiwa na mamluki wao. Saints wakashinda 19 kwa 17. Naomba jina la Saints ulihifadhi mahali.

*

Habari hizi nilizipata kwa njia ya mzunguko. Naishi Leicester, Uingereza, mji ambao Kiswahili unaweza kukisikia kwa mtu ambaye hukumtegemea. Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na wengine walioondoka Kenya miaka michache kabla yake, wengi walitua hapa. Duka ninalonunua unga na maharage ni la mzee aliyezaliwa Kisumu. Mara ya kwanza aliniuliza kwa Kiingereza natoka wapi, nikasema Dar es Salaam, akaweka mizani chini. "Sasa mbona unanisumbua na Kizungu, kijana?"

Siku moja kazini, zamu ya usiku kwenye ghala, nilikuwa nasoma kwenye simu habari za kocha wa Kimarekani, nikakutana na sentensi moja fupi: mwaka 1988 alichezea Leicester Panthers. Nikafikiri ni Leicester nyingine. Wamarekani wana tabia ya kuchukua majina ya miji ya watu. Lakini ilikuwa hii hii, yenye mvua hii hii.

Nilipomwambia mzee wa duka hakushangaa. "Ile mpira ya helmeti? Tulikuwa tunaiona kwa Channel 4, jumapili. Watoto wangu walipenda sana. Mimi nilikuwa naona watu wanasimama-simama tu, halafu wanaangukiana."

Kumbukumbu yake ilikuwa sawa. Channel 4 ilianza kuonyesha NFL mwaka 1982, na Waingereza, ambao kwa kawaida hawapokei mchezo wa watu wengine, waliupokea huu kwa pupa. Agosti 1986 Bears na Dallas Cowboys walikuja kucheza mechi ya kirafiki Wembley, watu zaidi ya 80,000 wakaingia. Vilabu vikaota kila mji: wapaka rangi, makarani, madereva wa lori, wamenunua helmeti na vikinga mabega, hawajui sheria vizuri lakini wana hamu. Vilabu hivyo viliruhusiwa kuchukua Wamarekani wachache, na mara nyingi Mmarekani mwenyewe aligeuka mwalimu, kwa sababu ndiye pekee aliyekulia ndani ya mchezo.

Huko ndiko Payton alikomalizia kucheza. Alikuwa amekwisha pita Canada pia, Ottawa. Hesabu vituo: majaribio Kansas City, ligi ya ndani ya ukumbi, Canada, umamluki Chicago, halafu Leicester. Yote hayo ndani ya miaka miwili. Halafu akaacha. Miaka 24, mkono mzima, magoti mazima, na akaenda San Diego State kuwa msaidizi wa makocha.

Hapo ndipo aliponikamata. Mchangani nimewaona watu wanaokataa kuacha. Nimemuona namba tisa wa miaka 38 akifunga goti kwa kitambaa cha kanga, akisubiri skauti ambaye hata yeye anajua haji. Mimi mwenyewe niliacha mpira kwa kupata kazi, wala si kwa kuamua. Kijana wa miaka 24 kukaa chini, akajitazama, akasema "mimi si wa kiwango kile" na kesho yake akaomba kazi ya kubeba mafaili ya makocha, hilo ni jambo adimu. Wasimulizi wa habari zake hulipita haraka wakikimbilia makombe.

*

Kabla sijafika kwenye makombe, nirudi kwenye ule ukumbi, maana kuna mtu nimemuacha huko.

Mwaka 1987 ulikuwa msimu wa kwanza wa Arena Football League. Mwanzilishi wake, Jim Foster, alikuwa ametazama soka la ndani Madison Square Garden mwaka 1981, akachukua bahasha akaanza kuchora: kwa nini mpira wa Kimarekani usichezwe kwenye ukumbi wa hoki, barafu ikifunikwa? Uwanja ukawa yadi 50, nusu ya ule wa kawaida. Wachezaji wanane kila upande badala ya kumi na moja. Pembeni hakuna mstari wa kutoka nje bali ukuta uliowekwa magodoro, kwa hiyo ukisukumwa unabamizwa ukutani mbele ya mama aliyeshika soda yake. Na kila upande wa magoli ya mpigo kumetundikwa wavu mkubwa. Mpira ukigonga wavu ukarudi, bado uko mchezoni. Anayeudaka ndiye mwenye nao.

Jaribu kuwa kwotabeki humo ndani. Kila kitu kiko karibu. Hakuna pa kukimbilia, hakuna muda wa kungoja mwenzako afike mbali, kwa sababu mbali hakupo. Unapiga haraka au unakula ukuta. Mabao yanafungwa kama mpira wa kikapu. Timu inafunga pointi 50 na inafungwa. Mtu aliyepitia mchezo huo anajifunza jambo moja bila kufundishwa: kwamba ukimiliki mpira ukatoka bila kufunga hata mara mbili tu, umekwisha.

Ligi ilianza na timu nne. Payton alipita kwenye mbili, Chicago Bruisers na Pittsburgh Gladiators. Pale Pittsburgh kwotabeki alikuwa Mike Hohensee, aliyetoka Chuo Kikuu cha Minnesota na kupitia ligi nyingine iliyokwishakufa, USFL. Hohensee ndiye aliyerusha pasi ya tachidauni ya kwanza kabisa katika historia ya ligi ile ya ukumbini. Gladiators walifika fainali, wakachapwa na Denver 45 kwa 16.

Na mgomo ulipoanza, ni nani mwingine aliyevaa jezi ya Spare Bears? Hohensee huyohuyo. Tena yeye ndiye aliyekuwa mbele. Bears walishinda michezo miwili ya kwanza ya umamluki naye akiongoza.

Kwa hiyo tuna watu wawili, kwotabeki na kwotabeki, ukumbi mmoja, jezi moja ya kuazima, mwaka mmoja. Ukiwa Soldier Field Oktoba ile ukaambiwa uweke pesa kwa mmoja wao, pesa yako ungeiweka kwa Hohensee.

*

Miaka iliyofuata ya Payton nitaipitia kama dereva wa daladala anayepita kituo kisicho na abiria. San Diego State, Indiana State, San Diego State tena, Miami ya Ohio, Illinois. Mwaka 1997 Philadelphia Eagles wakamchukua kufundisha makwotabeki. Mwaka 1999 New York Giants. Mwaka 2000 akapewa safu nzima ya ushambuliaji, na Giants wakafika Super Bowl, fainali ya NFL, ambako Baltimore waliwanyuka 34 kwa 7.

Kituo kimoja lazima tusimame. Mwaka 2002, katikati ya msimu, ushambuliaji wa Giants ukakwama. Kocha mkuu, Jim Fassel, akamnyang'anya Payton kazi ya kuchagua mbinu wakati wa mchezo, akaichukua mwenyewe. Cheo kikabaki, ofisi ikabaki, lakini ile karatasi kubwa yenye orodha ya mbinu, inayoshikwa pembeni mwa uwanja kama menyu ya mgahawa, ikawa mkononi mwa bosi. Na baada ya hapo, ajabu ya mpira, Giants wakaanza kushinda mpaka wakaingia kwenye mtoano.

Kwetu hilo lingetosha kummaliza mtu. Ungesikia vijiweni: yule kocha msaidizi ndiye aliyekuwa anaiangusha timu, ona sasa. Payton alihama. Bill Parcells, mshindi wa Super Bowl mbili na Giants miaka ya nyuma, alikuwa anaanza kazi Dallas mwaka 2003, akamchukua. Mwaka huohuo Payton akasaidia kumleta Dallas kijana mmoja asiyechaguliwa na klabu yoyote, kwotabeki kutoka Eastern Illinois, chuo chake mwenyewe. Kijana huyo ni Tony Romo, na alikuja kuwa kwotabeki tegemeo wa Cowboys kwa miaka mingi. Sidhani ilikuwa upendeleo wa nyumbani. Mtu ambaye jina lake halikuitwa anajua kusoma sehemu ya orodha ambayo wengine hawaifikii.

Januari 2006 akapata timu yake mwenyewe. New Orleans Saints, walewale wa 19 kwa 17. Mji ulikuwa bado na matope ya kimbunga Katrina. Uwanja wao, Superdome, ulikuwa umetumika kuhifadhi maelfu ya watu wasio na makazi, paa limetoboka. Msimu uliotangulia timu ilishinda michezo 3 kati ya 16. Payton na kwotabeki Drew Brees, aliyekuwa na bega lililotoka kufanyiwa upasuaji, wakashinda 10.

Sasa, mwaka huohuo 2006, Hohensee alikuwa wapi?

Alikuwa Las Vegas, akishinda ubingwa.

Hakuondoka kamwe kwenye mpira wa ukumbini. Akawa kocha huko miaka ya 1990, akazunguka timu kadhaa, na tangu mwaka 2001 alikuwa kocha wa Chicago Rush. Msimu wa 2006 Rush walikuwa wabovu kiasi, ushindi 7, vipigo 9, wakaingia mtoano kwa mlango wa nyuma, halafu wakaanza kumpiga kila aliyekuja mbele yao. Tarehe 11 Juni, fainali. Rush 69, Orlando Predators 61. Ndiyo, hizo ni pointi za mpira wa Kimarekani, wavu haulali.

Na kocha wa Orlando siku ile alikuwa Jay Gruden, ambaye kisa chake kinastahili makala yake peke yake. Pittsburgh Gladiators, ile timu ya Payton na Hohensee, ilihamia Florida mwaka 1991 ikaitwa Tampa Bay Storm. Kwotabeki wao mpya akawa Gruden. Akatwaa ubingwa mara nne kama mchezaji: 1991, 1993, 1995 na 1996. Akageuka kocha, akachukua Orlando, akatwaa mara mbili tena, 1998 na 2000. Halafu mwaka 2002, akiwa na miaka 35, akarudi kuvaa helmeti na kucheza. Kwa miaka kadhaa alikuwa anafanya kazi mbili, ukumbini majira ya kuchipua na kiangazi, na kwa kaka yake Jon Gruden, kocha wa Tampa Bay Buccaneers, msimu wa NFL ukifika. Nikisoma hivyo nawakumbuka watu wa kwetu wenye duka na bodaboda na shamba la mihogo Mkuranga.

Gruden alipata timu yake mwenyewe ligi kuu baadaye. Mwaka 2014 Washington wakampa ukocha mkuu. Wakamfukuza Oktoba 2019, timu ikiwa imepoteza michezo mitano ya kwanza. Jumla yake pale: ushindi 35, vipigo 49, sare 1. Ukumbini alikuwa mfalme. Juu alikuwa mwajiriwa kama wengine.

*

Sasa niseme kinachonikera. Kila ninaposoma habari za watu hawa, ligi ndogo inachorwa kama korido. Mtu anaingia mlango wa huku, anateseka kidogo kwa ajili ya kunogesha hadithi, anatokea mlango wa kule akiwa na kombe. Kurt Warner ndiye anayetumika zaidi: alipanga bidhaa dukani usiku huko Iowa, akacheza ukumbini, akaishia bingwa wa Super Bowl. Ni kweli, ilitokea. Mimi pia napanga bidhaa usiku, na ninavyofahamu hakuna anayekuja kunitafuta.

Lakini korido haina watu wanaoishi ndani yake. Ligi ya ukumbini ilikuwa na watu walioishi humo maisha yao yote ya kazi, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Hohensee alifundisha miaka mingi kwenye ligi ambayo mwaka 2009 iliahirisha msimu ikafilisika, ikafufuka mwaka 2010, ikafa tena mwaka 2019. Ukimuita mtu aliyekosa daraja, unamaanisha kwamba pointi 69 za Las Vegas zilikuwa mazoezi ya kitu kingine. Hazikuwa. Wale walikuwa watu wazima wakitafuta ushindi, na kuna aliyejua zaidi ya mwenzake usiku ule.

Kwa nini Payton akapanda na Hohensee akabaki? Nimejaribu kuutafuta ubora uliowatenganisha, sikuupata. Payton aliacha kucheza mapema, kwa hiyo alianza ukocha mapema, tena vyuoni, na vyuoni ndiko NFL huenda kuokota makocha. Hohensee aliendelea kucheza, akaanzia ukocha kwenye ligi aliyokuwa anachezea. Mmoja alishuka kituo kimoja mapema kuliko mwenzake. Nikisema zaidi ya hapo nitakuwa natunga.

Nina sababu yangu ya kulisema hili. Timu yetu ya Temeke ilikuwa na kocha. Mchana fundi cherehani, jioni kocha, na tulimwita Kocha tu, hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa na kaunta buku iliyojaa michoro ya kalamu nyekundu. Mbinu alizifundisha kwa vizibo vya soda juu ya benchi: Fanta sisi, Pepsi wao. Mimi kizibo changu kilikuwa cha Stoney Tangawizi, kwa sababu alisema namba mbili lazima aonekane, asichanganywe na wengine. Watu walizoea kumuuliza, "Kocha, lini unaenda ligi kuu?" Jibu lake lilikuwa lilelile: "Ligi kuu wana kocha tayari." Sisi tulidhani ni utani.

*

Mwaka 2012 Payton naye alirudishwa mchangani, na si kwa hiari. NFL iligundua kuwa Saints walikuwa na mfuko wa siri wa kuwazawadia mabeki waliowaumiza wapinzani. Aliyeuendesha alikuwa kocha wa ulinzi, lakini Payton ndiye mkubwa wa nyumba, na mkubwa wa nyumba hakuuzima. Akafungiwa msimu mzima bila mshahara. Sina la kumtetea. Anayemvunja mwenzake mgongo kwa ajili ya bahasha hawezi kuuita huo mchezo.

Kilichonivutia ni alikokwenda. Alikwenda Texas kufundisha ushambuliaji wa timu ya mtoto wake, darasa la sita. Mtu aliyekwisha shinda Super Bowl, amesimama kwenye nyasi na watoto wa miaka kumi na mbili ambao helmeti zinawazunguka kichwani. Na wakapigwa. Kulikuwa na timu ya mji unaoitwa Springtown iliyocheza mtindo wa kizamani, Wing-T, ambamo wakimbiaji watatu wanapishana nyuma ya kwotabeki hata hujui mpira anao nani. Payton hakuweza kuwazuia. Akampigia simu Parcells kuomba msaada, na yule mzee hakucheka. Alitaka video, akaitazama kama vile ni Dallas, akatoa maoni yake. Kombe hawakulipata hata hivyo. Springtown waliwapiga tena kwenye fainali.

Nilimsimulia Kocha habari hiyo kwa simu. Siku hizi macho yanamsumbua, cherehani amemwachia binti yake, lakini jioni bado anakwenda uwanjani na kiti chake cha plastiki.

"Shikamoo Kocha."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi?"

Ya watoto wa Springtown aliisikiliza bila kusema kitu. Nikaona nimuongezee ile kubwa, ya Februari 2010, fainali ya Super Bowl mjini Miami, Saints na Indianapolis Colts. Mapumziko Colts wanaongoza 10 kwa 6. Kipindi cha pili kinaanza, Saints ndio wa kupiga mpira kwenda kwa wapinzani, upande unaopiga kwa kawaida unapiga mbali kabisa na kuwaachia wenzao. Payton akaamuru mpira upigwe mfupi, ukimbie yadi kumi na kidogo ardhini, vijana wake waurukie wenyewe. Wakiukosa, Colts wanaanzia karibu na mlango wa Saints. Walikuwa wameufanyia mazoezi, wakaupa jina, Ambush, yaani kuvizia. Mpira ukamgonga Mkolts mmoja, ukatoka, lundo la watu likalala juu yake zaidi ya dakika nzima, waamuzi wakivuta mtu mmoja mmoja kama magunia. Chini kabisa alikuwa Chris Reis wa Saints. Wakafunga hapohapo, na mchezo ukaisha 31 kwa 17.

Kocha alikaa kimya kidogo. Nilisikia watoto wanapiga kelele upande wake.

"Aliyepiga ni nani?"

"Anaitwa Morstead. Kijana, msimu wake wa kwanza."

"Aliambiwa saa ngapi kwamba ndiyo wanaupiga?"

"Mapumziko."

"Mapumziko yao marefu?"

"Marefu, Kocha. Kunakuwa na muziki."

"Basi alimtesa bure," akasema. "Mimi ningemwambia wakati anatoka mlangoni." Halafu akamfokea mtu, namba mbili wao alikuwa amepanda mno, akasema atanipigia baadaye.